Jina la Aliye Kuume Kwako

Zaina, mama yangu,

Umevuka mto kwenda Alunguli kuaga mashangazi zako, na kwa jinsi ninavyowajua, hawatakuachia kabla hawajakulisha mara tatu na kukulilia mara nne. Basi alasiri yote ni yangu. Mama yako yuko nyuma ya nyumba anafunga kwenye majani kwanga za muhogo za safari, na kila mara anaingia kuuliza ninaandika nini. Nimemwambia ninakuandikia majina ya vituo vya treni ili usipotee. Si uongo mtupu. Kituo kimoja kimo humu.

Sitakuandikia juu ya maji ya kuchemsha, wala chandarua, wala vijana wa Lubumbashi wanaojua kuvaa. Hayo mama yako amekuambia toka juma lililopita, na atayarudia stesheni mbele ya watu wote. Mimi nina deni la jibu lako la Jumapili.

Unakumbuka ilivyokuwa. Tulikuwa tunakula chakula cha kukuaga, na mjomba wako Radjabu, aliyetoka Kasongo na kanzu yake iliyopigwa pasi, akaanza habari zake. Mjomba wako ni mtu mwema, ila akifika kwenye habari za waungwana hata mbuzi wake hujiona wametoka Unguja. Alisema, "Ustaarabu hapa kwetu ulikuja na watu wa pwani. Mbele yao ilikuwa pori tu. Sisi watoto wa waungwana njo tulijua kuvaa, kusoma, kulima mupunga." Jirani yetu katekista akamkatiza, "Hapana, Radjabu. Reli na misheni njo vilifungua hii inchi." Wakaanza kuvutana kama kawaida yao, mmoja upande wa msikiti, mwingine upande wa kanisa, wote wawili na mikono ndani ya sahani moja ya mboga ya sombe.

Ndipo wewe ukauliza. "Na siye wenyewe je? Congo ni inchi changa. Makabila yake hata mwalimu wetu hajue kuyahesabu yote. Tunaweza kusema tuko na ustaarabu wetu wenyewe, ao tuko tu watu wenye tulifungwa na Wazungu kwa kamba moja?" Kisha ukanigeukia mimi. "Papa, we ulitumika na makabila yote kwenye reli. Unasema nini?"

Nikasema, "Kula, mama. Sombe inapoa."

Watu walicheka. Wewe hukucheka, ulinitazama kidogo, halafu ukala. Nataka ujue kwamba jibu nilikuwa nalo. Nililimeza kwa aibu, na nimekaa nalo tumboni toka Jumapili. Naliandika leo kwa sababu uso kwa uso sitaweza kulisema.

Za reli nimekuhadithia nyingi: ya nyoka chini ya kokoto, ya mbuzi aliyelala relini akasimamisha treni nzima. Hii sijakuhadithia, wala mama yako haijui yote.

Tulikuwa watu kumi na wawili. Kazi yetu ilikuwa kutunza kipande cha reli kinachotoka Kindu kuelekea Kibombo. Mvua ikizidi, udongo unatelemka na reli inazama upande mmoja. Sisi tunaiinua kwa mitaimbo, tunasukumia kokoto chini, tunaishusha taratibu. Kipande kimoja cha reli ni mzigo wa watu wote. Mmoja akilegea, kinaanguka juu ya miguu ya aliye karibu naye.

Mimi ni Mukusu wa Kibombo, hilo unalijua. Kapita wetu aliyetusimamia, Mzee Lutala, alikuwa Mulega wa Pangi. Walikuwemo Wasongye, Wahemba, Mubangubangu wa Kabambare, na Mugenya mmoja, mtu wa mtoni, aliyeogopa kila kitu kisichoelea. Wengine walikuwa watu wa Ijumaa, wengine wa Jumapili, na wawili walikuwa wa siku yoyote yenye pombe. Na kulikuwa na Kabeya. Tulimwita mtu wa Kasai kwa sababu baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya reli. Kabeya mwenyewe alizaliwa hapahapa Kindu, kwenye kambi ya reli. Mimi ndiye niliyekuja. Niliingia mji huu kijana wa miaka kumi na sita, na mkeka kwapani na ndevu mbili kidevuni, na Kabeya ndiye aliyenionyesha soko la Kasuku liko wapi na ni mama yupi anayepima unga bila kudanganya.

Sasa sikiliza jinsi tulivyokuwa tukiinua reli, maana jibu lako limo humo.

Kabla yangu, kapita alikuwa akiwauliza watu, "Muko tayari?" Siku moja mtu mwenye homa akaitikia kwamba yuko tayari, kwa kuona haya mbele ya wenzake, na reli ikamvunja mguu. Toka siku hiyo Mzee Lutala akabadilisha utaratibu. Alisema mtu hudanganya juu ya nafsi yake kwa sababu ya haya, lakini aliye karibu naye anaona magoti yake yanavyotetemeka. Basi tukishajipanga, kila mmoja na mtaimbo wake, Mzee Lutala aliita, "Nani iko?" Na hakuna aliyetaja jina lake. Ulimtazama aliye kuume kwako, miguu kwanza, kisha uso. Ukiona ni mzima, unataja jina lake. Ukiona si mzima, unanyamaza, na kazi inasimama. Wa mwisho kabisa kuume alimtaja Mzee Lutala, aliyesimama pale pembeni, na Mzee Lutala akamtaja wa kwanza kabisa kushoto. Hivyo hakuna aliyebaki bila kutajwa, na ndipo wimbo ulipoanza.

Wimbo nao haukuwa na mwenyewe. Mzee Lutala alianza kwa Kilega, tukaitikia kwa Kiluba, tukahesabu kwa Kiswahili, na pale pa kunyanyua tulisema neno la Kifaransa ambalo wengi wetu tulidhani ni Kisongye. Kila mtu alijua maana ya kipande chake tu, na aliitikia vipande vya wenzake kwa imani. Mtu mpya alipouliza huu ni wimbo wa kabila gani, tulimcheka, tukampa mtaimbo.

Kwa miaka tisa Kabeya alisimama kuume kwangu. Kwa miaka tisa, kila siku ya kazi, nilimtazama miguu, nikamtazama uso, nikasema kwa sauti, "Kabeya iko."

Vita vilipofika, treni ilikoma. Chumvi ikawa kitu cha kunong'onezana. Njia za kwenda mashamba zikafungwa, leo na hawa, kesho na wale. Sisi tuliendelea kwenda kazini ingawa hakukuwa tena na aliyetulipa, kwa sababu Mzee Lutala alisema reli isipoangaliwa majani yanaila, na vita vikiisha watu watataka kusafiri. Tulimwona mzee kidogo kichwani, lakini tulikwenda. Nyumbani kulikuwa na njaa, na pale angalau kulikuwa na wenzetu.

Askari waasi waliokuwa wameshika mji walikuwa wanatafuta watu wa Kinshasa, yaani wa upande wa serikali. Mtu wa Kinshasa alikuwa yeyote ambaye jina lake halikuwapendeza. Na sisi raia tukawasaidia. Mitaani watu wakaanza kusema "siye wazaliwa" na "wale wakuja", maneno tuliyokuwa tumeyasahau au hatukuwahi kuwa nayo. Mimi pia niliyasema. Niliketi kwenye mikutano ya wazaliwa, nikapiga makofi, mimi niliyekuja na mkeka.

Asubuhi moja tulikuwa tumeshajipanga, mitaimbo mikononi, askari wanne na mkubwa wao wakaja wakifuata reli. Mkubwa akamwuliza Mzee Lutala tunafanya nini. Mzee akamweleza. Mkubwa akacheka, akasema, "Treni gani?" Kisha akapita mbele yetu polepole akitutazama mmoja mmoja, akasimama mbele ya Kabeya. Kabeya hakuulizwa kitu. Mkubwa aliniuliza mimi.

"Huyu iko muntu wa hapa?"

Zaina, nimeirudia saa ile mara nyingi kuliko sala zangu. Nilikuwa na mtu kuume kwangu na nilikuwa nimeulizwa juu yake, kama kila asubuhi. Jibu lilikuwa mdomoni, lilikuwa limezoea kutoka lenyewe. Nilisema, "Hapana, chef. Haiko wa hapa. Iko muntu wa Kasai."

Na kwa kuwa mkubwa hakuondoka mara moja, nikaongeza ambalo sikuulizwa. "Iko na redio. Usiku anasikilizaka Kinshasa."

Redio ile mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi mbele yake siku mbili tu nyuma, nikila karanga alizokaanga Mama Ngalula, mke wa Kabeya.

Kabeya hakunitazama. Aliinama akaweka mtaimbo wake chini taratibu, kwa ncha zote mbili, kama tulivyofundishwa, ili usimwangukie mtu. Mtu ambaye ungemwangukia ni mimi. Kisha akaenda nao.

Walimbebesha mizigo yao mpaka upande wa Kama, na huko akabaki kubeba mpaka mvua zikapita. Aliporudi, bega lake moja lilikuwa halipandi. Hakukaa hata wiki mbili. Alichukua Mama Ngalula na watoto wao watatu, wakapakia walichoweza juu ya baiskeli, wakaifuata reli kwa miguu kuelekea kusini. Kabla ya kuondoka, Mama Ngalula alikuja kumuaga mama yako, tulikokuwa tukiishi Mikelenge kwenye chumba cha udongo kilichovuja. Akampa ufunguo. Akasema, "Mukae ndani, mvua isiharibu nyumba." Hata leo sijui kama alijua nilichosema, au kama Kabeya alimficha ili aondoke na kumbukumbu nzuri ya mke wangu.

Nyumba hiyo ndiyo hii, mwanangu. Chumba ulimozaliwa ni chumba cha Kabeya. Mama yako anajua tulipewa ufunguo, lakini hajui kwa nini wenyewe walikuwa wanaondoka. Ulipokuwa mdogo uliniuliza nani alipanda ule muavoka wa nyuma, mti wa parachichi ambao umekula matunda yake maisha yako yote. Nilikuambia, "Tuliukuta." Nimeishi miaka mingi kwa maneno ya namna hiyo, ambayo mtu hawezi kuyaita uongo.

Nimekuwa nikijiambia kwamba niliogopa. Ni kweli niliogopa, bunduki ilikuwa karibu na tumbo langu kuliko karatasi hii. Lakini kuna jingine ambalo kuliandika ni kugumu zaidi. Chumba changu kilikuwa kinavuja na nyumba ya Kabeya ilikuwa ya matofali. Usiku wa mvua nilikuwa nikihamisha mkeka toka pembe hii kwenda pembe ile, nikisema moyoni, mtu wa kuja analala pakavu na mimi mzaliwa ninalowa. Siwezi kuapa mbele yako kwamba wazo lile halikuwepo asubuhi ile, mahali fulani nyuma ya ule woga. Ndiyo sababu sijawahi kusimulia habari hii kanisani wakati watu wanashuhudia. Wangenisamehe woga haraka sana, na mimi ningekubali msamaha wa jambo dogo nikaacha kubwa limefichwa.

Kesho yake asubuhi, baada ya Kabeya kuchukuliwa, tulijipanga watu kumi na mmoja. Nafasi yake kuume kwangu ilibaki wazi, hakuna aliyesogea kuiziba. Mzee Lutala akaita, "Nani iko?" Majina yakaja kutoka kushoto, moja baada ya jingine, mpaka aliyekuwa kushoto kwangu akataja langu. Zamu ikawa yangu. Nikatazama pale palipokuwa wazi, nikanyamaza. Mzee Lutala akangoja muda ambao mtu angeweza kuvuta sigara nzima. Hakunikemea. Akasema tu, "Muweke chini," tukaweka chini. Reli ile hatukuiinua tena. Majani yakaila, kama alivyosema.

Jioni nilimfuata kwake. Alikuwa ameketi mlangoni anaosha miguu kwenye ndoo. Nikamwambia, "Mzee, sikusema uongo. Kabeya ni muntu wa Kasai, kila muntu anajua."

"Kabila ya Kabeya naijua," akasema. "Miaka yote ile miye sikukuuliza kabila yake. Nilikuuliza kama iko."

Akaendelea kuosha miguu yake. Nilisimama pale mpaka maji ya ndoo yakawa meusi, kisha nikarudi nyumbani. Alikufa kabla ya vita kuisha, kwa ugonjwa mdogo ambao siku nyingine kidonge kingeutosha. Nilikuwa mmoja wa waliochimba kaburi lake. Hatukuimba.

Sasa swali lako.

Mimi sikusoma kama wewe. Darasani kwetu mwalimu aliandika ubaoni ustaarabu wa Misri, wa Wagiriki, wa Warumi, kisha akapiga mstari, na chini ya mstari akaandika mavuno ya pamba ya mkoa wetu. Labda Radjabu ana haki, na ustaarabu ni miji na vitabu na kanzu. Labda nchi yetu ni changa mno, na makabila yetu ni mengi mno, na tuko tu watu wa kamba moja. Utasoma, utakuja utueleze.

Ninachojua ni hiki. Wimbo wetu na ile desturi ya majina havikuja na watu wa pwani. Havikuja na Mbelgiji, yeye alileta reli, na kuinua reli bila kuvunjana miguu alituachia wenyewe. Babu yangu Mukusu hakuvijua, wala babu yake Kabeya huko Kasai, wala wazee wa Mzee Lutala huko msituni Pangi. Vilizaliwa kwa sababu sisi watu wa mama mbalimbali tulikuwa na mzigo mmoja. Vilikuwa vichanga, siku nilipoviharibu havikuwa na umri kama wako. Na mwanangu, kitu kisichokuwepo hakivunjiki. Wewe uliuliza kama tuna ustaarabu wetu, na wao wakaanza kubishana ulikuja na nani, na mimi nikatazama sahani, kwa sababu pale mezani mimi peke yangu nilikuwa na ushahidi kwamba ulikuwepo. Niliusikia ukivunjika. Nilikuwa karibu sana.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Lakini mimi si mtu wa kulitoa nikiwa nimenyoosha kifua, na ndiyo sababu nilikuambia tu, "Kula."

Vita vilipoisha walikuja watu na jeki za chuma, na reli ikainuliwa na watu wanne bila wimbo. Ni afadhali, sisemi hapana, hakuna mguu uliovunjika. Niliajiriwa tena nikawa mlinzi wa ghala, na karatasi za nyumba hii zikaandikwa jina langu kwa kuwa hakuna mwingine aliyetokea kuidai. Nilitia sahihi.

Miaka minane iliyopita dereva mmoja wa treni aliniambia kwamba Kabeya yuko hai. Anaishi Kamina, karibu na stesheni, na watoto wake wamekuwa watu wazima. Nilishika kalamu mara mbili nikaiacha. Mwishowe nikampa dereva kidumu cha mafuta ya mawese ampelekee, bila barua, kama mtu anayerusha kitu juu ya ukuta na kukimbia. Dereva aliporudi nikamwuliza Kabeya alisema nini. Alisema alipokea, akauliza ni nani aliyetuma, akaambiwa. Kisha akauliza, "Ule muavoka wa nyuma, unazaaka?"

Hakuna zaidi. Swali dogo namna hiyo, na nimeshindwa kulijibu kwa miaka minane. Kila msimu matunda yanaanguka juu ya bati, na mimi ninatoka nje kuyaokota kabla mama yako hajasema mwaka huu yamezidi.

Treni yako itapita Kamina, na kama ninavyoijua, itakaa pale siku nzima au mbili. Zile avoka ngumu zilizo chini ya kikapu, zilizofungwa kwenye gazeti, si zako. Mama yako anadhani nimezificha ili zisiive haraka. Ulizia stesheni nyumba ya Mzee Kabeya aliyekuwa mtunza reli wa Kindu. Usitume mtu, nenda mwenyewe. Ukimkuta, msalimie kama unavyowasalimia wazee, kwa magoti. Atakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Utamwambia, lakini ngoja kidogo. Kwanza simama kushoto kwake, hivi kwamba awe kuume kwako. Mtazame miguu, kisha uso. Halafu sema jina lake kwa sauti, kama nilivyotakiwa kulisema mimi: "Kabeya iko." Ataelewa. Usimwombe anisamehe. Usinililie pale, tafadhali. Na usingoje alitaje jina langu, maana katika mstari wetu kunitaja haikuwa kazi yake. Mimi nilitajwa na wa kushoto kwangu, na Kabeya hana jambo la kunilipa. Kisha mwambie kwamba unazaa, na mpe avoka zake.

Kama amekwisha kufa, wape watoto wake, uwaambie wewe ulikulia katika nyumba yao. Waambie yote. Wakikufungia mlango, usikasirike, rudi kwenye treni.

Na huko Lubumbashi, mama yangu, wewe ndiwe utakuwa mtu wa kuja. Kiswahili chako kitawachekesha. Siku moja mtu atakuuliza wewe ni wa wapi hasa, na utasikia ndani ya swali kitu ambacho hakikuwepo kwenye maneno. Siwezi kukukinga na siku hiyo. Naomba tu pawepo mtu kushoto kwako. Na kama siku nyingine anayeulizwa ni wewe, juu ya mtu mwingine, ujue kwamba damu ya baba yako inaogopa haraka na ina wivu wa nyumba za matofali. Uijue mapema. Mimi niliijua nikiwa nimeshasema.

Nitakuomba usiifungue barua hii kabla treni haijapita Kibombo, na najua utashika neno lako, wewe si kama mimi. Basi mambo ya kesho yatakuwa yamepita utakaposoma. Kesho asubuhi stesheni, kama treni itatuheshimu na kuondoka siku waliyosema, mama yako atakuwa anarudia habari za chandarua, Radjabu atakuwa anakuombea dua ndefu, na katekista atakuwa anangoja zamu yake. Mimi nitakuja nisimame kushoto kwako. Toka asubuhi ile ya Kabeya sijamtaja mtu yeyote kwa namna ile, hata mama yako, hata wewe ulipozaliwa. Nimekusudia kukutazama miguu, kisha uso, na kusema mbele ya watu wote, kwa sauti, "Zaina iko." Utadhani baba yako amezeeka.

Nimeona mara nyingi nilivyo wakati watu wananitazama, kwa hiyo siahidi. Wewe unayesoma umeshajua kama nilisema. Mimi ninayeandika bado sijui.

Papa